Tambara Chini ya Mlango wa Sebule

Kaeni, kaeni. Wale wa nyuma sogeeni mbele, mabenchi ya huku hayaumi. Kabla sijarudi kwenye somo letu nataka niwapeleke kwenye nyumba moja tukachungulie. Mwenye nyumba ni mama, nami nitamwita Mama Yunis, kwa sababu nimeulizia nikahakikishiwa kwamba usharika huu hauna Mama Yunis. Kwa hiyo msigeuke kutazamana.

Mama huyu aliishi nchi ya mawe na jua kama hii yetu, nchi ambayo ukigeuza tofali unamkuta nge, na ukivaa kiatu bila kukikung'uta unajuta. Alikuwa mchapakazi. Alilima alizeti, akafuga kuku, na yeye na mumewe wakajenga nyumba ya tofali za kuchoma. Ndani ya nyumba hiyo akatengeneza sebule. Jamani, sebule! Makochi ya rangi ya maziwa, na ile nailoni ya dukani haijavuliwa. Vitambaa vya kufuma kila mgongo wa kochi, kila mkono wa kochi, hata juu ya redio. Kabati la vioo lenye vikombe ambavyo tangu vizaliwe havijaonja chai. Zulia zito. Mapazia yamefungwa ili jua lisifubaze rangi. Mlango una kufuli, na ufunguo mama ameufunga kwenye pindo la khanga. Sebule ile ilikuwa ya wageni.

Mnacheka nini? Mngapi hapa mna sebule kama hiyo? Shusheni mikono, nilikuwa nauliza tu.

Familia yenyewe iliishi uani. Walikula uani, wakaongea uani, wakagombana uani. Baba Yunis, ambaye makochi yale yalitoka jashoni mwake, alikuwa anakalia kigoda karibu na gunia la mkaa. Siku moja mvua inanyesha, kigoda kimelowa, akajikaza kiume.

"Mama Yunis, leo nikasikilizie taarifa ya habari sebuleni?"

"Kwani wewe ni mgeni?"

"Hapana."

"Sasa?"

Baba akavuta kigoda chake chini ya upenu. Wanaume wenzangu, mnamwelewa.

Basi nge wakaanza kuonekana. Mmoja alikutwa ndani ya buti la shamba la Baba Yunis, na mguu ulikuwa umeshafika nusu ya safari. Mwingine alikutwa chini ya mfuniko wa sufuria. Mwingine alitembea juu ya nguo zilizoanuliwa, mkia juu, kama mtu aliyelipa kodi ya pango. Mama akatangaza vita. Akamwaga mafuta ya taa kwenye pembe za jiko mpaka ugali ukanuka taa. Akatoa magodoro juani akayachapa. Akahamisha kuni. Akagombana na jirani kuhusu majani yasiyofyekwa, jirani wa watu akafyeka. Nge wakaendelea. Sebuleni hakutazama. Angetazama nini? Sebule ni safi, haina hata mbu.

Mwishowe akaita mzee wa kanisa aje kuombea jiko. Mzee akaja, akasimama katikati ya jiko, akafumba macho, akaanza kukemea kwa sauti kubwa. Alipofika katikati ya maombi akafumbua jicho moja. Msimlaumu, na wewe ungefumbua. Na jicho lile moja likamwona nge amesimama chini ya mlango wa sebule, kwenye ule upenyo, nusu ndani, nusu nje. Mzee akafika kwenye "Amina" bila kupitia yaliyobaki, akarukia juu ya gunia la mkaa.

"Mama, yule pale! Anatoka sebuleni!"

Sasa sikilizeni mama alivyosema. Akapiga kofi mapajani, akasema, "Wewe! Anataka kuingia sebuleni! Wamemaliza jiko langu, sasa wanataka na makochi yangu!" Akampiga kandambili, akachukua tambara kuukuu, akalisokomeza chini ya mlango, akalisindilia kwa kisu mpaka hata pumzi haipiti. Kulinda sebule.

Na mnajua? Nge wakaisha. Kweli kabisa. Jikoni kweupe, uani kweupe, Baba Yunis anavaa buti bila hata kulitazama. Jumapili iliyofuata mama akasimama kanisani kutoa ushuhuda. "Bwana asifiwe! Adui alikuja kwa mkia wake, lakini ameshindwa!" Vigelegele. Mwinjilisti akalia. Na mzee yule wa kanisa akaambiwa mbele ya watu wote kwamba maombi yake yana nguvu, naye akainamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa.

Nyinyi mnaocheka, mmeshaelewa. Mama alikuwa bado hajaelewa.

Yunis, binti wa nyumba hiyo, alikuwa na mchumba, kijana fundi seremala. Alimpenda, tena alimpenda kweli, hata jina lake akilisikia alikuwa anasahau chumvi kwenye mboga. Siku ikafika ya wakwe kuja kuposa. Na hapa kwetu mnajua: wakwe wakiondoka na kinyongo siku ya posa, harusi inaweza kufia mlangoni. Mama akamkalisha binti chini. "Utaleta soda. Utapiga magoti. Macho chini, na usifungue mdomo mpaka uulizwe. Ukinitia aibu leo, kijana umemkosa." Yunis akaitikia.

Wakwe wakaja: baba mdogo wa kijana, mtu mzima mwenye koti na maneno mazuri, na shangazi yake, mama mwenye mwili wake, Mungu ambariki. Mama Yunis akafungua pindo la khanga, akafungua kufuli, akasukuma lile tambara pembeni kwa mguu. "Karibuni, karibuni sana, jisikieni mpo nyumbani." Shangazi akakaa, nailoni ikalia. Baba mdogo akaegemeza mgongo kwenye kitambaa cha kufuma, akakohoa, akaanza. "Ndugu zetu, sisi tulikuwa tunapita, tukaona ua zuri kwenye bustani yenu..."

Yunis akaingia na sinia la soda. Akapiga magoti. Macho chini. Lakini mtu ukipeleka soda lazima uangalie unampelekea nani. Akainua macho kidogo tu, akaona nge mkubwa mweusi anapanda kwenye bega la baba mdogo, anaelekea kwenye kola ya shati, polepole, anajua njia.

Ndugu zangu, ungekuwa wewe ni Yunis ungefanya nini? Ukisema, umevunja amri ya mama, na mchumba umemkosa. Ukinyamaza, huyo mzee anaumwa shingoni. Yunis hakusema na hakunyamaza. Aliziacha soda zikaanguka, akageuza sinia, akampiga mkwe wake begani: paaa!

Soda inachuruzika kwenye koti. Baba mdogo bado mdomo wazi, ua lake bado halijachumwa. Mama Yunis ameshika kichwa, anaita mama yake aliyefariki zamani. Kisha shangazi akatazama kwenye zulia, akamwona nge amelala chali. Akanyanyua kitambaa cha pembeni yake aone kama yupo mwingine. Alikuwepo, tena ni mama mtu, amebeba watoto mgongoni, wameenea kama mchele. Shangazi, ambaye aliingia kwa kushikwa mkono, alitoka bila msaada wa mtu yeyote. Walipomfikia alikuwa uani, juu ya kigoda, amekunja gauni.

Wote wakakimbilia huko huko uani. Yunis akaanguka magotini tena, analia. "Nisamehe, baba. Nimekupiga." Baba mdogo akavua koti, akalikung'uta, akalikung'uta tena, akajipapasa shingo. Mama Yunis anamtazama usoni, roho juu, anasubiri hukumu ya binti yake.

"Mwanangu, inuka," akasema baba mdogo. "Mimi nimekuja kutafuta mke wa kijana wetu, na sasa najua kijana hatakufa kizembe. Huyu tumemchukua. Lakini wewe mama, nikuulize kwa heshima. Kile chumba, mara ya mwisho mtu alikaa lini?"

Mama akajibu kwa sauti ndogo. "Hajakaa mtu, baba. Tuliwatunzia nyinyi."

"Ndiyo maana," akasema baba mdogo. "Nge hapendi watu. Mngekaa humo, mkapiga kelele, watoto wakaruka kwenye makochi, mkafungua madirisha, angehama mwenyewe. Kwa tambara lile la mlangoni mmewafungia ndani, mama. Mmewalelea watoto."

Posa ile ilimalizika uani, kwa ugali na mlenda, na Baba Yunis alicheka mpaka akakohoa.

Haya. Tumecheka vya kutosha, sasa tuongee sisi.

Sisi hatuna nge, tuna maneno. Kuna ndugu alikutamkia neno wakati wa msiba wa baba yenu. Kuna jirani mligombania mpaka wa shamba. Lile neno lilikuwa linatoka, likauma watoto, likauma mke, likauma hata mbuzi. Ukachoka. Ukachukua tambara ukasokomeza chini ya mlango. Hulitaji tena. Nyumba imetulia. Ukasimama hapa mbele ukasema, "Bwana asifiwe, nimesamehe," nasi tukapiga vigelegele, na mimi mchungaji wako nikapiga makofi. Je, umesamehe, au umeziba? Kwa nini basi jina lake likitajwa unabadilisha mazungumzo? Kwa nini mlango ule hata Mungu mwenyewe humfungulii, unamwambia, "Bwana, karibu jikoni, huko ndani ni pasafi, hapana shida"? Pana giza pale, ndugu yangu. Pana utulivu mwingi mno, na kwenye utulivu wa namna hiyo mambo huzaana.

Wala sikuambii uingie na sinia. Ingia ufungue dirisha. Kaa humo. Ongea na mwenzako mpaka kelele za watu zirudi.

Sasa simameni tupeane amani. Nimekuwa nawaona kutoka hapa mbele. Kuna watu wawili kila Jumapili wanapeana amani kwa ncha za vidole, mmoja anatazama dari, mwingine anatazama viatu. Leo sitaanza kukusanya sadaka mpaka hao wawili wapeane mkono mzima, wakitazamana. Sitawataja. Lakini mahali nilipo hapa sina haraka, na sikuacha chungu jikoni.