Alama Sitini na Nne za Namsifu

Hapo zamani, wasikilizaji wangu, enzi ambazo kitabu kimoja kilisomwa na dawati zima, palikuwa na shule katika milima ya Upare. Muhula mpya ulipofunguliwa, msichana aitwaye Namsifu alirejea darasani baada ya kuugua muhula mzima. Mwalimu Elinami, aliyefundisha Biolojia, hakumficha neno.

"Mwanangu, mwisho wa wiki ya sita kuna jaribio. Ukipata hamsini, unaendelea na wenzako. Ukikosa, unarudia kidato."

Kisha akawageukia watatu walioketi dawati moja na Namsifu: Mbonea, Nakijwa na Kiangi. Akainua kitabu kipya, kimoja tu. "Atakayemvusha Namsifu, hiki ni chake. Hatagawana na mtu."

Wiki ya kwanza Namsifu alinakili madaftari ya wenzake. Mistari kwa rula, vichwa vya habari kwa wino mwekundu, michoro kwa penseli iliyochongwa. Daftari likapendeza kama kadi ya harusi.

Nakijwa akamuuliza, "Haya, damu ikitoka moyoni huenda wapi?"

Namsifu akafungua daftari.

"Funga! Nimekuuliza wewe, sikuliuliza daftari."

Namsifu akalifunga. Wiki ilikuwa imekwisha, na kichwani hamkuwa na kitu.

Hapo Mbonea akapiga hesabu. "Kitabu kina kurasa mia moja na ishirini. Zimebaki wiki tano, siku sita kila wiki, jumla siku thelathini. Kurasa nne kwa siku, dada. Si tatu, si tano." Akaandika ratiba, akaibandika dawatini, na kila siku akaikagua na kuitia alama ya vema.

Nakijwa naye, kila asubuhi kabla ya kengele, alikifunga kitabu na kuuliza ya jana. Lililosahaulika liliulizwa kesho yake, likaulizwa tena wiki iliyofuata. Namsifu alilia mara mbili. "Lia," Nakijwa alimwambia, "lakini ukimaliza unitajie kazi za ini."

Na Kiangi? Kiangi hakukusudia kumsaidia mtu. Alikuwa mvivu wa kusoma. "Namsifu, nieleze basi huu mzunguko wa damu, mie sijaelewa." Akaelezwa. "Bado." Akaelezwa. "Bado, dada." Mara ya tatu Namsifu akakwama katikati ya maelezo, akagundua kwamba hata yeye hakuwa ameelewa, akarudi kitabuni.

Jaribio likafanyika. Namsifu akapata sitini na nne.

"Haya, dai lenu," akasema Mwalimu.

Mbonea akasimama. "Bila ratiba yangu angefika ukurasa wa sitini tu. Nusu ya kurasa, nusu ya alama. Thelathini na mbili ni zangu."

Nakijwa akasimama. "Nilipoanza kumuuliza, katika mambo manane aliyosoma alikumbuka matatu. Matano yalipotea! Tano kwa nane ya alama zake ni arobaini. Hizo ni zangu."

Kiangi akasimama. "Swali la mzunguko wa damu lilikuwa na alama ishirini, akazipata zote. Ndilo aliloelewa kwa kunieleza mimi."

"Wewe!" Nakijwa akacheka. "Umefundishwa bure, sasa unadai na mshahara?"

"Pasipo mjinga," akajibu Kiangi, "angemfundisha nani?"

Mwalimu akajumlisha ubaoni: thelathini na mbili, arobaini, ishirini. Tisini na mbili. "Wanangu, mmezidisha alama ishirini na nane. Na mwenyewe hamkumwachia hata moja."

Namsifu akainuka taratibu. "Mwalimu, ratiba haikusoma. Maswali hayakujijibu. Machozi yalikuwa yangu. Mbona mimi sikuulizwa dai langu?"

Mwalimu akayarudia mahesabu, safari hii kwa kutoa. Ukitoa za Mbonea, zinabaki thelathini na mbili. Ukitoa za Nakijwa, ishirini na nne. Ukitoa hata zile za Kiangi, arobaini na nne. Mmoja wao yeyote akikosekana, Namsifu anarudia kidato. Na Namsifu mwenyewe akikosekana, hakuna cha kutoa wala cha kujumlisha.

Mwalimu akafungua jalada la kitabu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mstari mmoja, wa jina moja.

Nami nimehesabu miaka mingi bila kupata jibu. Basi nawaachia ninyi: aliyepanga, aliyeuliza, aliyehitaji kuelezwa, au aliyesoma? Je, nani alistahili kuandikwa kwenye mstari ule?