Ulimi wa Kiboko Wenye Mkia

"Nani aliyeichora?"

Niliuliza hivyo Ijumaa, kwenye mkutano wa chama chetu cha mdahalo, mara tu mwenyekiti alipoiondolea kitambaa nembo mpya: kasuku amesimama juu ya kitabu, kingo zimechakaa kama barua iliyosahauliwa kabatini. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema, "Tumeichora." Nikauliza tena: nani? Mmoja akafungua soda. Mwingine akaangalia simu. Siwema, aliyekaa dirishani, akaficha vidole vyake vyenye wino.

Sawa. Kama hoja hamzitaki, chukueni ngano.

Ngano naitoa!

*Itoe!*

Ina meno?

*Tutayaona!*

Ina mkia?

*Tutauvuta!*

Hapo zamani wanyama walikuwa na soko lao bondeni, na soko lilikuwa na sheria. Kila kitu kipigwe chapa, na kitu ni cha yule ambaye sura yake imo kwenye chapa. Kisicho na chapa je? Hicho ni cha atakayewahi kukipiga. Aliyeitunga sheria hiyo simjui, lakini nahisi alikuwa mnene.

Sokoni hapo Kindi alikuwa na karakana ndogo ya michoro. Ndogo kweli: akinyoosha mkia, mteja anatoka nje. Alichora mabango, alichonga mihuri ya mbao, alitengeneza nembo za watu. Ila alikuwa na kosa moja, kosa la wachoraji wote ninaowajua. Nembo za wenzake alizimaliza, ya kwake kila siku aliiahirisha. Leo mstari haumpendezi, kesho duara limekaa vibaya. Mlango wa karakana yake ulibaki mtupu.

Siku mbili kabla ya soko kufunguliwa, akaja Kiboko. Puu! Puu! Puu! Vikopo vya rangi vikalia ng'ing'i, ng'ing'i.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nichoree nembo."

"Ya biashara gani, mzee?"

"Ya vikapu na vitana."

Kindi akashangaa. Vikapu vya soko lile husukwa na Mnana, yule ndege mfumaji. Vitana huchongwa na Nungunungu. Na wote wawili walikuwa bado hawajapiga chapa kazi zao, maana walikuwa wakisubiri mihuri kutoka kwa Kindi huyuhuyu.

"Lakini mzee, wewe hujawahi kusuka hata kamba."

"Ndiyo maana nataka nembo ya kizamani," akasema Kiboko. "Ichakae. Ipauke. Karani wa soko akiiona aseme, ala! Kumbe ukoo huu unasuka tangu babu wa babu!"

"Na malipo?"

Kiboko akacheka hadi mashavu yakapigana, plapu, plapu. "Malipo? Binti, utajulikana! Nitakusema kila ninapokwenda."

"Na nikikataa?"

Kiboko akautazama mlango. Akaupapasa kwa pua. "Mlango mzuri. Hauna chapa, eeh? Usipochora, nitatafuta mwingine anichoree, na nitaanza na mlango huu."

Akaondoka. Puu! Puu! Puu!

Kindi akakaa chini. Akilia, mlango utaondoka. Akikimbia, mlango utaondoka. Akichora, vikapu vya Mnana vitaondoka, vitana vya Nungunungu vitaondoka, na mlango, mwenzangu, nao utafuata. Basi akashika patasi. Kwaru, kwaru, kwaru.

Kesho yake Kiboko akaja. Puu! Puu! Puu!

"Iko wapi?"

Kindi akamwonyesha ubao. Kiboko alijiona amechongwa pale kwa mistari myembamba iliyojazwa majivu meupe: kichwa kikubwa, kinywa wazi, meno manne. Akafurahi hadi masikio yakazunguka.

"Huyu ni mimi! Lakini haijazeeka."

"Itazeeka, mzee."

"Na hiki kilichoinuka katikati ya kinywa?"

"Ulimi wako, mzee."

"Mbona una mkia?"

"Mzee, ulimi wa mtu mdogo ni mfupi. Wa mkubwa unajikunja kwa nyuma."

"Kweli kabisa. Na hicho kilichoshikwa na huo ulimi?"

"Kokwa. Alama ya shibe."

"Shibe!" Kiboko akameza mate, gluk. "Wewe una akili."

Nawaomba hapa mtulie, maana kuna jambo Kiboko hakuliuliza, na mtu anayeshika patasi angemweleza bure. Kwenye muhuri wa mbao, kilichochimbwa hakishiki wino. Wino hushikwa na kilichobaki juu.

"Sasa sikiliza, mzee," Kindi akasema. "Wino wangu ni wa magome ya mti na kutu ya misumari. Ukipiga chapa, funika hapohapo kwa jani bichi la mgomba. Usifunue hadi karani aje. Ukichungulia mapema, itaonekana ya juzi."

"Sichungulii."

"Hata kidogo?"

"Niko radhi nife!"

Akabeba ubao na wino. Asante hakusema. Alfajiri ya siku ya soko akaingia kwenye vibanda kabla ya wenyewe. Vikapu vya Mnana: chap! Jani. Vitana vya Nungunungu: chap! Jani. Mlango wa Kindi, ingawa nembo alichorewa: chap! Jani. Wino ukabaki. Kiboko hajui kuacha kitu kibaki. Akajilaza chali, akajipiga tumboni: chap! Jani, kubwa kuliko yote.

Jua lilipopanda akafika Kobe, karani wa soko, na daftari lake. Mnana analia, Nungunungu miiba imesimama.

"Ndugu karani," akasema Kiboko, "hii ni nembo ya ukoo wetu. Funua uone uzee."

Kobe akafunua kikapu. Akavaa miwani. Akavua miwani.

"Namuona Kindi."

"Kindi gani?"

"Huyu hapa. Mkia juu, kokwa mkononi."

"Huo ni ulimi wangu!"

Soko zima likaangua kicheko. Kobe akafunua kitana: Kindi. Akafunua mlango: Kindi, mzuri ajabu, amepauka kama aliyekaa pale tangu siku mlango ulipotundikwa. Mistari ya majivu, kwa kuwa ilichimbwa, haikushika wino. Kichwa kikubwa, kinywa na meno manne, vyote havikuacha hata alama.

Kisha upepo ukalipeperusha jani la tumboni. Kobe akasoma sheria polepole, kama kawaida yake. "Kitu ni cha yule ambaye sura yake imo kwenye chapa. Kindi, vikapu vyako. Vitana vyako. Mlango wako. Na, ee, kiboko chako."

"Vikapu apewe Mnana, vitana apewe Nungunungu," akasema Kindi. "Mimi nabaki na mlango na bango."

"Bango gani?"

"Hili linalotembea."

Kiboko akatimka, chubwi mtoni! Akajisugua kwa mchanga, akajisugua kwa jiwe. Lakini wino ule ulitengenezwa kama alivyoagiza: kila akiuosha unapauka kidogo, na kila ukipauka unazidi kuonekana wa kale. Tangu siku hiyo, kila kijiji alichopita wenyeji waliuliza, "Samahani mzee, hiyo nembo nzuri ya zamani, umechorewa wapi?" Na wateja wakajaa kwa Kindi hadi akatoboa dirisha la pili.

Funzo la ngano hii, wapendwa, ni kwamba mchoraji afanye kazi bure, kwa adabu, na jina lake asilidai popote. Mkubwa akimwambia "utajulikana," amwamini. Kiboko alisema kweli tupu.

Ngano yangu imegonga ukuta. Aliyeushika mkia na auachie.

Ila wewe, mwenyekiti, usiachie kwanza. Kalamu hii hapa. Naomba uandike jina la Siwema chini ya nembo.