Kivuli cha Wankyo

Kunguni hana habari na mgeni anayesimama mlangoni akisifu shuka. Humngoja anayelala. Methali inayotokana na jambo hilo Nyamburi aliijua tangu darasa la pili, tena aliisema vizuri. Lakini kuisema methali na kuitii ni mambo mawili.

Ulikuwa mwaka 1975, msimu wa kuvuna pamba, katika kijiji cha ujamaa nje kidogo ya Bunda. Wanawake wote walivuna juani, isipokuwa Wankyo. Yeye alikaa bandani kivulini, akitenga pamba safi na fifi, ile chafu. Moto wa jikoni hakuukaribia, na uji wake aliungoja upoe kabisa ndipo aunywe. Na mashavu yake je! Yaliiva mekundu kama nyanya.

Nyamburi alimwonea wivu. Kila aliponyoosha mgongo, macho yalimkimbilia bandani.

"Mtazameni bi harusi wetu," aliwaambia wenzake. "Sisi tunaungua, yeye ananawiri! Hata uji anakunywaga baridi. Mwenyekiti kampa kivuli kwa mashavu yale tu, hana lingine."

Wenzake walicheka, naye akazidi kuchemka. Akikitazama kivuli kile, hata maji ya mtungini yalimwia machungu.

Siku ya mkutano wa kijiji akasimama. "Ndugu mwenyekiti, ujamaa ni usawa, si usawa?"

"Ni usawa!" watu wakaitika.

"Basi kivuli nacho kigawanywe!"

Mwenyekiti Clementi alifungua kinywa aeleze, lakini Wankyo akamtikisia kichwa. Aliyajua maneno ya watu. Wangesikia ni ugonjwa, nusu wangesema gongo na nusu wangesema ukoma, na binti yake Shida angekosa wa kucheza naye.

"Sawa," alisema kwa sauti ndogo. "Kesho nitaingia shambani."

Kesho yake Nyamburi alikikalia kigoda cha Wankyo. Lo, raha iliyoje! Alichambua pamba huku akiimba, tena kwa sauti ya kufika shambani makusudi.

Kabla ya adhuhuri wimbo ulikatika. Wanawake walikuwa wakimleta Wankyo wamemshika huku na huku. Uso ulikuwa umevimba, mashavu na pua vimejaa vipele vyekundu, na macho yanatiririka machozi hayafunguki.

"Naungua, dada," Wankyo alilia. "Kama nimepakwa pilipili."

Nyamburi aliingiwa na hofu. Aliivua kanga yake ya juu, akailowesha maji, akamfunika uso, kisha akamwongoza mpaka zahanati ya Kabasa.

"Hii si pombe, si ukoma, wala haiambukizi," alisema tabibu Hamduni. "Ni ugonjwa wa ngozi uitwao rosasea. Dawa ya kuumaliza hatuna, lakini mtu huishi nao vizuri akiepuka vinavyouchokoza: jua, moto, uji wa moto, pilipili. Nilimwagiza akae kivulini kwa ajili ya macho haya. Yakiendelea kuwaka hivi yataharibika. Nani kamtoa?"

Nyamburi alitazama sakafu. Kivuli kile kilikuwa dawa. Uji baridi ulikuwa dawa. Na yale mashavu aliyoyatamani ndiyo ugonjwa wenyewe.

"Ni mimi," akajibu, na machozi yakamtoka.

Njiani kurudi, Wankyo aliifunua kanga kidogo. "Kivuli nakuachia, Nyamburi, kama bado unakitaka. Ila ukichukue pamoja na uso wake."

 Nyamburi alimshika mkono, wakatembea.

Macho yalipona polepole, na Wankyo akarudi kwenye kigoda chake. Nyamburi alirudi juani, lakini wakati wa uji alikuja bandani kuupepea uji wa mwenzake kwa ungo mpaka upoe. Siku moja mwanamke mgeni kijijini alimnong'oneza, "Huyu mbona anadekezwa hivi? Na mashavu yale!"

Nyamburi aliuweka ungo chini. "Umekilalia wewe?" akauliza kwa ukali. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."