Moshi wa Nyumba ya Bondeni

Sogeeni, niwape kesi ambayo mimi imenishinda.

Zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, huko Uingereza, Mungu aliwajalia ndugu watatu vipaji. Silas alipewa jicho: akichora kitu, kinatokea vilevile kilivyo. Obadia alijua kutengeneza wino na rangi kwa maganda ya miti na udongo. Dorkas, kitinda mimba, alipewa mkono mwepesi wa brashi.

Mama yao, Tabitha, hakuweza tena kutembea, na kila siku alililia bonde alikozaliwa. Dorkas alizaliwa mjini, hajalitia machoni, lakini kilio kile kilimwingia mpaka naye akawa analiota.

Basi Silas akaenda kwa miguu siku tatu, akalichora bonde kwa penseli: mto, kondoo, na nyumba alimozaliwa mama, imefungwa, haina mtu. Akarudi nyayo zimechubuka.

Obadia akachemsha wino, akasaga rangi, vidole vikababuka. Silas akaipitia mistari yote ya picha kwa wino ule.

"Sasa uache ukauke hadi kesho," Obadia akasema.

Dorkas hakuweza kungoja. Alitamani mno kuliona bonde likiwa kijani. Wenzake walipotoka, akapitisha rangi ya maji. Wino mbichi wa dohani, lile bomba la moshi juu ya paa, ukachuruzika, ukasambaa angani.

"Haraka ya nini, unaolewa leo?" Silas akafoka. "Umeiharibu!"

Lakini mama alipoletewa picha, alishtuka. "Nani amewasha moto nyumbani?" Akacheka, machozi yakimtoka, akaubusu mkono wa Dorkas. "Ulijuaje, mwanangu, kwamba nilikuwa nautamani moshi huu?"

Dorkas akaipokea sifa isiyo yake. Mungu amsamehe.

"Picha iwe ya aliyenirudisha kwetu," mama akasema. Jumapili iliyofuata akafariki.

"Bila miguu yangu kusingekuwa na bonde," akasema Silas.

"Na moshi ni wino wangu," akasema Obadia. "Wino wa dukani usingechuruzika hivyo."

Hapo Dorkas akakiri: "Kaka zangu, mimi sikujua lolote. Nilikosea, nikanyamaza." Lakini alipokuwa akisema hayo, picha alikuwa ameikumbatia kifuani, na mikono ilikataa kuiachia.

Aliyeliendea bonde, aliyeupika wino, au aliyekosea kwa hamu: nani alimrudisha mama kwao? Je, wewe ungempa nani?