Mkono Uliokataa Kuachia

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mzee Kitonga, mchongaji wa mtaa wa Kaloleni, aliijua methali hiyo tangu utotoni, lakini tangu mkewe afariki mwanzoni mwa mwaka wa 1981 hakutaka hata kuisikia. Khadro, muuza viatu vya ngozi wa Eastleigh na shoga wa marehemu, alibisha hodi mara nyingi akaambulia patupu.

Jumamosi moja Kitonga alikuwa akimchongea bintiye Nthenya kielelezo cha msuli. Mashindano ya sayansi yalikuwa Jumatatu, na huo ulikuwa mwaka wa Nthenya wa mwisho shuleni. Mzee alichonga mkono uliokunja vidole juu ya kamba ya katani, mkono wote kwa gogo moja, kama alivyofunzwa Ukambani. Ulipendeza ajabu, ila haukupinda.

"Baba, ukate kisha uuunge," Nthenya alisihi.

"Niunge mti? Wachongaji wenzangu wanicheke?"

"Lakini ndani ya msuli kuna protini inayoshika uzi kama mkono huu ulivyoshika kamba, nayo ina kijishimo. Kitu kidogo mno kiitwacho ATP kikiingia humo, protini hugeuka umbo, ikaachia uzi, ndipo iweze kuvuta tena. Kisipokuja, hushika tu. Ndiyo maana maiti hukakamaa."

Nthenya aliuma ulimi, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Kitonga alivikumbuka vidole vya mkewe vilivyokakamaa, akaweka patasi chini. Moyo ulimuuma sana.

"Hodi hapa!" Ilikuwa sauti ya Khadro.

Mzee aliutazama ule mkono usioachia, akaenda kufungua mlango. "Karibu, shemeji. Ingia."

Khadro alimlilia rafiki yake, akanywa chai, kisha akaugeuzageuza ule mkono. "Kazi nzuri, Baba Nthenya, lakini huu ni mkono wa mtu mwenye hasira. Kata hapa kwenye kifundo, mimi nitashonea ngozi. Kwani mkono wako wewe hauna kiungo?"

Kitonga aliangua kicheko, cha kwanza tangu mazishi. Akachukua msumeno.

Jumatatu, mbele ya waamuzi, Nthenya alitia kigingi chekundu, ndiyo ATP yake, katika kishimo alichotoboa baba yake kifundoni. Kifundo kikapinda, vidole vikainuka, kamba ikawa huru. Ukumbi mzima ulishangilia. Kitonga alilia waziwazi bila haya, huku Khadro akimpa leso.

Jioni hiyo mlango wa Kitonga ulibaki wazi, na majirani wakaingia mmoja mmoja. Hakika, mgeni akija, mwenyeji hupona.