Nguchiro Aliyetumwa Kuugua

Hapo zamani za kale, viboko walipokuwa bado wanalima na nguchiro alipokuwa bado anakaribishwa kila nyumba, palikuwa na bwawa lililoitwa Mkindu. Mwenyekiti wa bwawa hilo alikuwa Kiboko. Alikaa pale penye kina kirefu, na akipiga miayo, aaaah! vyura wote hunyamaza.

Kiboko alikuwa na mke, Bi Kiboko, na binti mmoja mdogo aliyeitwa Mashavu. Alikuwa pia na shamba la miwa ukingoni mwa bwawa. Miwa yenyewe, jamani! Ukivunja pingili, kwa! utamu unakuchuruzika mpaka kiwikoni. Kiboko aliila asubuhi, akaila mchana, akaila jioni. Zamani alikuwa akipanda kilimani na mkewe kila jua likipoa, wakala majani huku wakizungumza. Tangu shamba listawi, alisema kupanda kilima ni kazi ya wasio na shamba.

Ndani ya miwa mlikuwa na panya, na palipo na panya Nguchiro hakosi. Alikuwa mdogo, mwepesi, mwenye maneno mengi, na kila siku alijipatia panya wake wawili watatu mle shambani bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa hiyo alimpenda sana Kiboko. Nami nasema kweli alimpenda, msije mkafikiri alikuwa mbaya tangu mwanzo.

Basi, Kiboko akaanza kuugua.

Kwanza ilikuja kiu. "Mama Mashavu! Niletee maji!"

"Maji? Baba Mashavu, si umelala ndani yake?"

"Nayanywa, nayanywa, lakini kiu haiondoki!"

Naam, chekeni. Hata wao walicheka siku ile. Kisha akawa anakojoa kila mara, mpaka majirani wakahamia upande wa pili wa bwawa kwa heshima. Kisha macho yakaingia ukungu. Asubuhi moja aliliamkia gogo, akakasirika halikumwitikia. Mwishowe akakanyaga kisiki cha muwa, akapata kidonda kidogo chini ya mguu. Kidonda cha kuosha na kusahau. Lakini hiki kilikataa kufunga.

"Twende kwa Bibi Korongo," akasema mkewe.

Bibi Korongo alikuwa mganga. Aliishi juu ya mwamba, mbali kidogo na bwawa, na alikuwa na desturi yake. Kila mgonjwa aliyemtibu alimpaka chokaa nyeupe kwenye paji la uso. Ukimwona mtu ana chokaa, unajua huyu yuko kwenye miiko, usimkaribishe alichokatazwa, umsaidie. Ndiyo ilikuwa maana yake, wala haikuwa na maana nyingine.

Lakini Kiboko alirudi nyuma hatua nzima, chubwi!

"Mimi? Mwenyekiti mzima nipakwe chokaa? Nitembee na paji jeupe, hata vyura waseme, 'Mwenyekiti anaumwa'?"

"Si unaumwa kweli?"

"Naumwa, lakini wao hawajui!"

"Baba Mashavu, mficha maradhi kifo humuumbua."

Kiboko akanuna. Akazama, akaibuka, akapuliza maji, pfuuu! Kisha akapata wazo, akafurahi kama mtoto.

"Nguchiro! Njoo hapa, mdogo wangu. Wewe una miguu myepesi. Chukua kibuyu hiki cha asali kiwe cha mganga, nenda kwa Bibi Korongo ukaugue kwa niaba yangu."

"He!" Bi Kiboko akapiga makofi. "Tangu lini mtu akatumwa kwenda kuugua badala ya mwenzake?"

"Mama Mashavu, mimi ni mtu mkubwa. Kupeleka posa, natuma mshenga. Kupeleka rambirambi, natuma mjumbe. Kwenye mashauri, natuma mwakilishi. Leo ugonjwa ndio nijipelekee mwenyewe?"

Nguchiro hakungoja wamalize. Chapu chapu chapu, huyoo, na kibuyu chake mgongoni.

Alimkuta Bibi Korongo amesimama kwa mguu mmoja juu ya mwamba wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unaumwa nini, mjukuu wangu?"

"Mimi siumwi. Anayeumwa ni Mwenyekiti. Nimemwakilisha."

Bibi Korongo alicheka, ka-ka-ka-ka, mpaka akashusha mguu wa pili. "Kwa hiyo nikikuminya wewe tumbo, yeye ataguna huko bwawani?" Lakini Nguchiro alipoanza kueleza, kiu, mkojo, ukungu wa macho, kidonda, yule bibi aliacha kucheka.

"Sikiliza vizuri, mjukuu wangu. Mwambie sukari imemjaa mwilini. Aache miwa. Apande kilima na mkewe kila jioni kama zamani. Kidonda akioshe kwa maji safi, asikilaze kwenye tope, na dawa hii chungu anywe. Halafu aje mwenyewe. Aje upesi, nimtazame ule mguu."

"Na akichelewa, bibi?"

"Kiangazi kikija bwawa lenu hukauka, nanyi nyote huhamia Mto Mkuu kwa miguu. Yeye atatembea na mguu gani?"

Akampa dawa, akampa na chokaa imefungwa kwenye jani. Nguchiro akashukuru, akaondoka.

Alipofika nusu ya njia, mwendo wake ukapungua. Akaanza kusema peke yake.

"Akiacha miwa, shamba litang'olewa. Likishang'olewa, panya watahama. Panya wakihama, mimi nile nini, majani? Na yule bibi naye, anatisha watu. Mtu mkubwa kama Mwenyekiti aangushwe na muwa? Muwa!"

Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akaitupa dawa kichakani pamoja na chokaa, pwaa!

Hapo ndipo ninapomchukia Nguchiro. Kwa visa vyake vingine vyote huwa nacheka, alivyomwibia Fisi mfupa mdomoni, alivyomfanya Simba abebe mzigo wake. Lakini kwa hiki, wanangu, sicheki.

"Hodi, hodi! Mwenyekiti, habari njema!"

"Enhe! Amesemaje?"

"Amesema mwili wako umepungukiwa na utamu. Ndiyo sababu unachoka."

"Nilijua!" Kiboko akayapiga maji kofi, pua! "Nilijua mimi! Na chakula?"

"Uongeze miwa. Ukae majini, upumzike. Kilima marufuku kabisa."

"Na chokaa?"

"Amesema chokaa si ya watu wakubwa."

"Mganga huyo ana akili sana!" akasema Kiboko, akacheka mpaka mawimbi yakawatupa vyura nje.

Bi Kiboko hakucheka. "Na kidonda?"

"Kidonda..." Nguchiro akajikuna sikio. "Kifunikwe tope. Kitapoa."

"Bibi Korongo ninayemjua mimi hajawahi kumwambia mtu maneno matamu hivyo."

"Mama Mashavu!" Kiboko akamgeukia. "Kwani wewe unataka niumwe?"

Neno hilo lilimchoma. Mke gani angejibu neno kama hilo? Akanyamaza, akamchukua Mashavu wakaenda kilimani wawili peke yao.

Kiboko akala miwa kama aliyeandikiwa na mganga. Tumbo likajaa, macho yakazidi ukungu. Kidonda kikala nyama, kikawa cheusi pembeni. Samaki waliozoea kumtafuna ukoko mgongoni walimkimbia.

"Baba, mguu wako unanuka," akasema Mashavu.

"Unanuka kwa sababu unapona, mwanangu. Hata maumivu yamekwisha! Zamani ulikuwa ukiniuma usiku kucha, sasa ukiukanyaga sisikii kitu. Umeona mganga wangu?"

Akaona atoe shukrani. Akamwita Nguchiro, akampa kibuyu kingine cha asali ampelekee Bibi Korongo. Nguchiro alikilamba chote nyuma ya kichuguu. Lakini siku hiyo asali haikumpendeza sana, maana alikuwa ameuona ule mguu kwa karibu. Alijiambia, "Nitamwambia kesho." Ilipofika kesho panya walikuwa wengi, akajiambia tena vilevile.

Kiangazi kikaingia. Jua, jua, jua. Maji yakashuka magotini, yakashuka vifundoni. Miwa ikakauka ikilia karakara, na panya wote wakahama bila kuaga. Viboko wakaanza kuzungumza habari za Mto Mkuu, na kila mtu akawa anamtazama Mwenyekiti anavyouburuta mguu.

Bi Kiboko hakuomba ruhusa. Alikwenda mwenyewe hadi kwenye mwamba.

"Nilisema aje," Bibi Korongo akamwambia. "Nilisema aje upesi. Mbona hakuja? Dawa alikunywa?"

"Dawa gani, bibi?"

Basi yakajulikana yote.

Bibi Korongo akaja bwawani siku ileile. Akamlaza Kiboko ubavu, akaugusa mguu kwa ncha ya mdomo wake mrefu.

"Hapa unasikia?"

"Sisikii."

"Na hapa?"

"Hapana. Si ndiyo kupona, bibi?"

Bibi Korongo akakunja mabawa yake. "Ungekuja wakati mguu unauma, mwanangu. Uliponyamaza ndipo ulipokuwa unakufa. Nitakuosha, nitakufunga majani, nitakupa dawa. Lakini safari ya Mto Mkuu, mguu huu hauendi."

Mashavu peke yake ndiye aliyesema, "Baba hatakwenda?"

Nguchiro alikuwa amejibanza nyuma ya kisiki. Wakamtoa kwa shingo, wakamsimamisha mbele ya Mwenyekiti. Kila mtu alijua leo anamezwa.

"Mdogo wangu," Kiboko akasema, "Bibi Korongo alikuambia niache miwa?"

"Aliniambia."

"Akakuambia niende mwenyewe?"

"Aliniambia, Mzee. Mimi nikakuambia ulichotaka kusikia." Na Nguchiro, ambaye hakuna aliyewahi kuona chozi lake, alikuwa analia. "Nilitaka panya. Panya tu. Sikujua itafika hapa."

Kiboko akalifumbua lile domo lake. Wote wakafumba macho. Akalifunga tena polepole.

"Mwacheni," akasema. "Nilikutuma wewe kwa sababu nilijua hutaniletea neno chungu. Ningetaka ukweli, ningemtuma mke wangu. Ningetaka kupona, ningekwenda mimi."

Asubuhi viboko wakajipanga kwa safari. Bi Kiboko alitaka kubaki, lakini maji ya tope yaliyosalia hayakutosha hata kumlowesha Mashavu.

"Nenda, Mama Mashavu. Mpeleke mtoto kwenye maji. Nisamehe, ulinionya."

"Nilikuonya siku moja, uliponikasirikia nikanyamaza. Afadhali ningesema mpaka unichukie."

"Nisingeweza kukuchukia," akasema Kiboko. "Hilo nalo ungelijua."

Bi Kiboko akaweka pua yake juu ya pua ya mumewe. Kisha akageuka, akawaongoza wote. Mashavu aliangalia nyuma mpaka vumbi likafunga njia.

Nguchiro hakwenda. Nchi nzima ilikuwa na panya, lakini hakwenda. Alichukua kile kibuyu alicholamba asali, akawa anakimbia hadi chemchemi ya mwambani kwa Bibi Korongo, chapu chapu chapu, anachota, anarudi, anamwagia Kiboko mgongoni, tsss! Kabla hajarudi na kibuyu cha pili, cha kwanza kilikuwa kimeshakauka. Fikirini nguchiro anamwogesha kiboko kwa kibuyu! Lingekuwa jambo la kuchekesha sana, kama si jua lile.

Bibi Korongo naye alikuja kila siku kubadilisha majani. Kiboko akanywa dawa yake chungu bila kununa hata mara moja, na miwa hakuiulizia tena.

"Unachoka bure, mdogo wangu," alimwambia Nguchiro jioni moja.

"Sichoki, Mzee."

"Umenikimbilia safari nyingi sana. Ile moja tu ya kwa mganga ndiyo iliyokuwa yangu."

Nguchiro akachukua kibuyu, akakimbia tena.

Mvua ilichelewa mwaka ule. Iliponyesha, bwawa likajaa, na Bi Kiboko akarudi na Mashavu wakikimbia kwenye tope, wakiita kwa mbali, "Baba! Baba!" Aliyewaitikia alikuwa Nguchiro. Alikuwa amekaa ukingoni peke yake, amekonda, nywele za mgongo zimelowa. Alifumbua mdomo awaeleze, yeye ambaye maneno hayakuwahi kumwishia, akashindwa. Mashavu akaenda mpaka pale penye kina kirefu, akazunguka, akazunguka, akarudi kwa mama yake.

Tangu siku hiyo Nguchiro hapokei ujumbe wa mtu. Ukimwita, anaingia shimoni.

Nanyi wanangu, jueni hili: ugonjwa hauna mshenga, anayeumwa aende mwenyewe akasikie kwa masikio yake.