Firigisi ya Mama Yudita

Kabla sijafungua mdomo, weka mkono kifuani uape: maneno haya yataingia sikioni mwako yalale humohumo. Umeapa? Haya. Mimi nami niliapa hivyohivyo mbele ya Mama Yudita, na tangu hapo nimemwambia mke wa mchungaji tu, na wale wa kisimani, na sasa wewe. Siri ikikaa sana tumboni mwangu huniletea gesi.

Huku kwetu Makete kuna watu watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Obadia Tweve, mgema ulanzi, ile pombe ya mianzi, kajaliwa pua: ananusa kibuyu kikiwa bado kimezibwa na kukwambia ulanzi wa humo ni wa jana au wa leo. Tusekile, binti wa mashine ya kusaga, kajaliwa macho yasiyoamini: ukimwambia kumekucha, anafungua dirisha kwanza. Na Mzee Luvanda, aliyekuwa akitung'oa meno pale zahanati, kajaliwa mkono. Gego langu alilitoa huku namsengenya jirani, wala sikukatisha habari.

Mama Yudita sasa. Huyu ni mjane wa Eliuta, na Eliuta alimwachia pikapu ya dizeli, ile inayoshusha viazi vyetu mnadani na wajawazito wetu hospitali. Baridi ya mwaka huu ilipoanza kugandisha umande, pikapu ikagoma. Asubuhi inakohoa, inatema moshi mweupe, inanyamaza. Tukawa tunaisogezea jiko la mkaa chini ya tumbo, kama mzazi aliyetoka kujifungua, ndipo inaamka. Sote tukasema ni uzee, na uzee hauna dawa. Watoto wake wa mjini wakapiga simu: "Mama, iuze, hiyo ni chuma chakavu." Mnunuzi akasema atakuja siku ya mnada, asubuhi. Mama Yudita akainamia usukani akalia. Nilimwona. Sikuwa nachungulia, nilikuwa nafuta kioo cha dirisha.

Alipomaliza kulia akatangaza: "Atakayeiamsha pikapu ya Eliuta asubuhi ya baridi bila mkaa, namchinjia jogoo, na firigisi ni yake."

Weee! Firigisi? Firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na mwanamke huku kwetu haigusi. Tangu Eliuta azikwe, firigisi za nyumba ile zinaliwa na paka, na paka mwenyewe kanona kama diwani. Kumpa mwanamume firigisi ile ni kutangaza jambo. Na Obadia ni mgane. Sisemi kitu. Nasema ni mgane, na kwamba siku hizi anachana nywele.

Basi Obadia alifika kabla jua halijachomoza vizuri. "Shemeji, hebu washa." Pikapu ikazunguka, ikatema moshi. Obadia akaingiza pua humohumo moshini. "Hii ni dizeli mbichi. Chakula kinafika chunguni, ila hakuna moto. Mchana inawaka?"

"Ukigusa ufunguo tu, inawaka."

"Na betri inazungusha vizuri, nimesikia. Basi si uzee, shemeji. Mzee huchoka hata mchana. Kuna kitu cha kuipasha asubuhi, nacho kimekufa."

Tusekile akaja na nyaya na kitaa kidogo. "Mama, injini ya dizeli haina cheche. Ina vijiti vya chuma, hita plagi, kimoja kila silinda, vinaiva vyekundu kabla hujawasha."

"Tung'oe vyote!" akasema Obadia.

"Kaka, ukiumwa jino unang'oa kinywa kizima?" Akafungua ukanda unaoziunganisha zile plagi, akaunga waya wa kitaa kwenye betri, akagusa plagi moja moja. Ya kwanza, kitaa kikawaka. Ya pili, kikawaka. Ya tatu, giza. Ya nne, giza. Akarudia zote upya, unamjua. "Hizi mbili ndizo zilizokufa." Basi la Njombe likaleta mpya.

Lakini zile mbovu ziling'ang'ania kwa masizi. Obadia akashika spana, akavuta, chuma kikalia kwi! Mzee Luvanda akapiga kelele kutoka barabarani: "Acha! Ikikatikia humo ndani, injini inafumuliwa nzima, na siku ya mnunuzi ndiyo hiyo inakuja!" Akataka injini ipashwe kwanza. Akadondosha mafuta pembeni mwa plagi, akasubiri. Kisha akazungusha kidogo, akarudisha kidogo, huku anaibembeleza: "Pole mama, tulia, usining'ate." Zikatoka zote mbili, nyeusi kama meno ya mvuta tumbaku, na zile mpya zikaingia mahali pake.

Siku ya mnada kioo cha pikapu kilikuwa cheupe kwa barafu. Lori la chuma chakavu limeshasimama nje. Mama Yudita akageuza ufunguo, kitaa cha njano kikawaka mbele yake, akangoja plagi ziive na kitaa kizime, akawasha. Ikaunguruma! Akalaza shavu kwenye usukani. "Umeamka, baba," akanong'ona, mimi nikasikia. Lori likaondoka tupu.

Jogoo akaiva. Vita navyo vikaiva.

"Bila pua yangu mngekuwa bado mnachochea mkaa," akasema Obadia, nywele zinang'aa mafuta.

"Bila kitaa changu ungeng'oa hata nzima," akasema Tusekile. "Na hiyo mila ya wanawake wasile, mimi naamini ninachokiona. Sijamwona aliyekula akafa."

"Bila mkono wangu," akasema Mzee Luvanda, "pikapu ingepanda lile lori."

"Babu, meno ya kutafunia firigisi unayo?"

"Nitaimumunya!"

Tukageuka ili mwenye jogoo aamue. Kiti chake kitupu. Tukakimbilia jikoni, mimi mbele. Hamadi! Mama Yudita kasimama juu ya chungu, kifuniko mkononi, shavu moja limevimba, mchuzi unamtiririka kidevuni. Paka anamtazama kama mtu aliyesalitiwa.

Mama Yudita akatafuna bila haraka, akameza, akajifuta kwa pindo la kitenge.

"Mmoja kanusa, mmoja kapima, mmoja kang'oa," akasema. "Na aliyekataa kuiuza je?"

Haya, wewe uliyeapa. Firigisi ile ilikuwa ya nani? Amua, kisha unong'one. Paka bado ana kinyongo, asije akasikia.